Ni kumi na mmoja gani watakaolinda lango la chuo?

IKIWA una kijana anayesoma katika chuo kikuu huko Marekani, huenda umeshangaa kwamba kila ifikapo Agosti simu zake hazihusu karo wala baridi, bali majina ya watu usiowajua. Usihofu. Yeye na wenzake wamo katika ubishi mkubwa wa majira hayo: ni nani watakaoanza katika ulinzi wa timu ya chuo msimu utakapofunguliwa?

Kwanza tuelewane, msomaji. Mpira huu si ule wa Gor Mahia na AFC Leopards. Ni kandanda ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mabega yaliyotunishwa, iliyo jirani zaidi na raga. Timu moja huwa na vikosi viwili. Kimoja hushambulia timu ikiwa na mpira. Mpira ukienda kwa wapinzani, wote kumi na mmoja hutoka na kuingia kumi na mmoja wengine ambao kazi yao ni kuzuia tu. Hawa ndio wanaobashiriwa.

Kazi yenyewe huanza kwa hesabu ya kutoa. Chukua orodha ya msimu uliopita, futa waliohitimu, futa waliokwenda kwenye ligi ya kulipwa, kisha uone mapengo yako wapi. Mbele husimama watatu au wanne, mapande ya watu. Nyuma yao wapo walinzi wa kati, na nyuma kabisa wale wepesi wa kukimbizana na wapokeaji mpira. Zamani hawa wa nyuma walikuwa wanne. Siku hizi mpira hurushwa mno, hivyo wa tano huanza mara nyingi na mlinzi mmoja wa kati hukaa benchi. Mbashiri anayemsahau huyo wa tano huchekwa na wajuzi.

Hesabu hiyo ilikuwa rahisi zaidi hapo awali. Mchezaji aliyehama chuo alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza, kwa hivyo wengi walivumilia benchi. Mnamo 2021 sheria hiyo ililegezwa, na Julai mwaka huohuo wanafunzi wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao katika matangazo. Tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa, na kwa vilivyoingia katika mpango huo kikosi hakizidi watu 105. Piga hesabu mwenyewe: watu 105, na nafasi za ulinzi ni kumi na moja! Anayeachwa nje ya orodha huweza kufungasha virago akahamia kwingine, na familia yake ikaanza upya kutafuta pa kusomea.

Lakini hata kabla ya fedha kuingia, ubashiri ulikuwa ukiwaumbua watu. Chukua mfano wa Chuo Kikuu cha Michigan, ambacho uwanja wake huingiza zaidi ya watazamaji laki moja. Mwaka 2020 timu ilishinda mechi mbili tu kati ya sita. Agosti 2021, kila orodha ilianza na Aidan Hutchinson, ambaye baba yake pia aliwahi kuwa mlinzi wa chuo hicho. Hapo hapakuhitajika mganga, ingawa kijana alikuwa ametoka kuvunjika mguu.

Upande wa pili ndio uliokuwa na kitendawili. David Ojabo, mzaliwa wa Nigeria aliyekulia Aberdeen, Scotland, alikuwa amejifunza mchezo huu mwaka 2017 tu, akiwa shule ya sekondari Marekani. Chuoni alikuwa ameonekana uwanjani mara chache. Nani angemwandika? Kumbe kocha mpya wa ulinzi, Mike Macdonald, alikuwa na mipango yake. Msimu ulipokwisha Ojabo alikuwa amewaangusha warushaji wa wapinzani mara 11, naye Hutchinson mara 14, rekodi ya chuo. Michigan iliilaza Ohio State 42-27, ushindi wake wa kwanza dhidi ya mahasimu hao tangu 2011.

Na bado msumeno ulikata nyuma. Machi 2022, Ojabo akijionyesha mbele ya wasaka vipaji wa ligi ya kulipwa, mshipa wa kisigino ulimkatika. Aliyedhaniwa atachukuliwa miongoni mwa 32 wa kwanza alisubiri hadi nafasi ya 45.

Sisi Wakenya tusistaajabu sana kuhusu waliochelewa kuuanza mchezo. Daniel Adongo wetu alitoka kwenye raga mwaka 2013 akaingia moja kwa moja Indianapolis Colts, timu ya kulipwa, bila kupitia timu ya chuo chochote huko. Naye aliwekwa wapi? Katika ulinzi.

Kwa hivyo kijana wako akikuletea orodha yake, itazame hivi. Waliocheza dakika nyingi msimu uliopita waandikwe kwa wino. Waliohamia kutoka vyuo vingine, muulize walicheza dhidi ya nani. Kama kocha wa ulinzi ni mgeni, mwambie majina matatu ayaandike kwa penseli, na kifutio kiwe karibu hadi mechi ya tatu.