Jumba la Majestic na Historia ya Sinema katika Mji Mkongwe wa Unguja

Neno sinema hutumika katika Kiswahili kwa maana mbili. Mtu husema ametazama sinema, akimaanisha filamu. Husema pia amekwenda sinema, akimaanisha jumba ionyeshwamo filamu hiyo. Historia ya jumba la Majestic, lililoko Vuga katika Mji Mkongwe wa Unguja, yadokeza maana ya tatu ambayo kamusi haziitaji, nayo ni mkusanyiko wa watu. Jumba hilo liliwahi kuteketea kwa moto likainuliwa tena baada ya miaka 2 tu. Watu walipoacha kulijaza, kuta zilibaki wima na hakuna aliyefika kutazama.

Ieleweke kwamba sinema haikungoja majumba ya fahari ndipo ifike Unguja. Mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla, aliyetoka Bara Hindi, alikuwa akionyesha filamu katika banda la mabati ambalo watu waliliita Sinema ya Bati. Filamu za zama hizo zilikuwa bubu, na mvua ikinyesha juu ya bati haikumharibia mtu usikivu. Mwaka 1921 Jariwalla alifungua jumba la kudumu hapo Vuga, likaitwa Royal. Ramani yake ilichorwa na J. H. Sinclair, mtawala wa Kiingereza aliyekuwa pia msanifu majengo, ndiye yule aliyesanifu jumba la makumbusho la Beit el Amani. Kwamba mtawala wa kikoloni alimchorea mfanyabiashara wa Kihindi ukumbi ambao ungejaa Waswahili, Waarabu, Wahindi na Wangazija ni jambo la kutiliwa maanani. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa asili zao katika shule na hata katika orodha za mgao wa chakula wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Katika ukumbi wa sinema, kilichowatenganisha watu zaidi ni bei ya tiketi.

Royal liliungua mwaka 1953. Jumba jipya lilisimama mwaka 1955 likiwa na jina la Majestic, na msanifu wake alikuwa Dayalji Pitamber Sachania. Sachania aliyaacha matao na nakshi za Sinclair, akajenga kwa mtindo wa Art Deco, wenye mistari minyoofu na mapambo machache, uliokuwa umeenea katika majumba ya sinema kutoka Bombay hadi Nairobi. Wako wanaoliona jengo hilo kuwa geni miongoni mwa nyumba za mawe na chokaa. Hoja hiyo haina nguvu, kwani Mji Mkongwe wenyewe ni mji wa kuazima: milango ya nakshi, baraza na roshani zake zina asili mbalimbali ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Wakati huo mji ulikuwa na majumba matatu, yaani Majestic, Empire lililokuwa Darajani, na Sultana, ambalo baada ya Mapinduzi ya 1964 liliitwa Cine Afrique. Usiku wa Jumapili ndio uliokuwa kilele cha juma. Familia nzima zilivaa nguo zao bora, zikatembea kwa miguu hadi sinema, na aliyechelewa kununua tiketi alilazimika kuwaendea walanguzi waliozinunua mapema na kuziuza kwa bei ya juu. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake pekee vilevile. Jambo hili lisichukuliwe kuwa dogo. Katika jamii ambayo wanawake wengi waliishi kwa kutawa, maonyesho hayo yaliwapa mahali pa halali pa kukutana nje ya nyumba pasipo sherehe ya harusi wala msiba.

Filamu zilizopendwa zaidi zilikuwa za Kihindi. Mathalani, Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ilivuma mno Unguja. Ni kisa cha hakimu anayemfukuza mkewe mjamzito kwa shaka, akiamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Mwanawe mwenyewe anakulia katika dhiki na kuingia katika wizi. Watazamaji wengi hawakujua Kihindi. Hata hivyo, suala la nasaba na malezi, na la iwapo mtu huhukumiwa kwa utu wake ama kwa ukoo wake, halikuhitaji mkalimani katika kisiwa kilichowahi kuwa na mabwana na watumwa. Nyimbo nazo zilitoka ukumbini midomoni mwa watu. Hapa ndipo mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anapoguswa moja kwa moja, kwa sababu mahadhi ya filamu hizo yaliingia katika taarab ya pwani nzima. Kule Mombasa, Juma Bhalo alijipatia sifa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili, yakiwemo ya malenga Ahmad Nassir, kwa mahadhi ya Kihindi. Anayechambua tungo hizo kwa vina na mizani pekee, asiujue mlango ulikopitia muziki wake, amechambua nusu ya kazi.

Baada ya Mapinduzi majumba hayo yalitaifishwa. Maonyesho yaliendelea, ila fedha za kigeni zilipoadimika filamu mpya zilipungua na mikanda ikarudiwarudiwa hadi ikachanika. Mnamo miaka ya 1970 Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi, miaka takriban 20 kabla ya Tanzania Bara kuwa na televisheni yoyote. Kisha biashara ikalegezwa katikati ya miaka ya 1980, na mashine za video zikaingia majumbani. Filamu za Kihindi hazikupoteza wapenzi. Zilihamia sebuleni, zikatazamwa na jamaa na majirani wachache. Empire liligeuzwa duka la vyakula. Majestic lilififia polepole, na baada ya kuachwa likapoteza paa, ukumbi ukawa wazi kwa jua na mvua.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini orodha haishikilii kuta. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jengo mashuhuri kuliko yote mjini, iliporomoka na kuua watu. Katika miaka ya karibuni asasi ya Hifadhi Zanzibar imejishughulisha na ufufuaji wa Majestic. Swali gumu ni la watazamaji kuliko la saruji. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimekuwa hoteli, na baadhi ya familia zilizokuwa zikitembea hadi Vuga usiku wa Jumapili zimehamia Ng'ambo na kwingineko. Ukumbi utakaopanga bei zake kwa mfuko wa mtalii utapata paa, lakini hautawapata hao. Mfano wa njia nyingine uko karibu: tangu mwaka 1998 tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likionyesha filamu katika Ngome Kongwe, mwendo mfupi kutoka Vuga, watazamaji wakikaa chini ya anga wazi.