Mtoto na Nguo Zake (4): Mkono wa Kulia Kwanza

Mwaka 2024 maduka makubwa kadhaa ya Marekani yaliacha kuuza mifuko ya kulalia watoto iliyoshonewa uzito. Mama mmoja msomaji wa safu hii amezipata habari hizo na kuniuliza la kwake: mwanawe wa miezi mitatu na ushei halali mpaka aviringishwe khanga, mikono ndani. Atamtoaje humo bila nyumba nzima kukesha?

Nitamjibu. Ila kwanza nimrudie Soranus, ambaye katika sehemu ya pili nilimpita mbio, na nafsi imekuwa ikinisuta.

Soranus wa Efeso alikuwa tabibu Mgiriki aliyefanya kazi Roma mwanzoni mwa karne ya 2. Katika kitabu chake cha uzazi alieleza mpaka upana wa vitambaa vya kumfungia mtoto: vya sufu, laini, safi, vidole vitatu au vinne. Kisha akaligusa swali hili hili la mama wetu. Wapo wanaofungua siku ya 40, alisema, na walio wengi siku ya 60. (Msomaji wa pwani ataishtukia hiyo 40. Sidai undugu, nafurahi tu.) Yeye hakuridhika na hesabu ya siku: mwili wa mtoto ukishakaza, ndio utoe ruhusa. Wala asifunguliwe kwa mkupuo: leo mkono wa kulia, baada ya siku kadhaa wa kushoto, mwisho miguu. Kwa nini wa kulia kwanza? Ili mtoto asije akawa mashoto! Hapo mzee wangu aliteleza, lakini utaratibu wenyewe ni dhahabu.

Ukifika Florence, inua macho juu ya nguzo za Ospedale degli Innocenti, iliyokuwa nyumba ya watoto waliotupwa. Katika miaka ya 1480 Andrea della Robbia aliweka pale vichanga vya udongo uliong'arishwa, weupe juu ya samawati. Wengine wamekazwa barabara, wengine vitambaa vinawaporomoka. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimeichukua sura hiyo kuwa nembo yake. Na chama hicho hicho ndicho kinachosema leo kwamba mtoto akianza tu kujaribu kujigeuza, asifungwe tena.

Mwanafalsafa Rousseau, mwaka 1762, alitaka kamba zote zikatwe tangu siku ya kwanza. Namsoma kwa adabu, lakini mtu aliyewapeleka wanawe watano kwenye nyumba ya watoto waliotupwa asituharakishie akina mama.

Haya, mama. Mtoto akijipindua kifudifudi na mikono imefungwa, hawezi kujiinua apate hewa. Kwa hiyo, ikiwa ameshaanza kujitupa ubavu, hakuna taratibu tena: mikono yote miwili nje usiku huu huu. Kama bado, mtoe mkono mmoja, siku chache baadaye wa pili. Atashtuka na kutupa mikono hewani; ni mshtuko wa kawaida ambao daktari Ernst Moro aliueleza mwaka 1918, nao huisha wenyewe miezi ikisonga. Usiku mmoja miwili utakuwa mgumu. Mlaze chali, penye godoro gumu, bila mto wala khanga iliyolegea karibu na uso; nguo ya kulalia yenye mikono yake inatosha. Lile vazi la uzito usilitamani: haliwezi kufanya kazi ya kiganja chako kifuani pake akiwa anasinzia, na linauzwa ghali.

Miguu ndipo ninapoachana na Soranus. Haikupaswa kunyooshwa na kubanwa hata siku moja. Japani ilianza mwaka 1975 kuwaasa wazazi waache kufanya hivyo, na watoto wa kutenguka nyonga wakapungua sana. Hilo, pamoja na mbeleko ya bibi zetu inayoiacha miguu ya mtoto imetanuka kama ya chura, nimeliwekea sehemu ya tano.