Hoteli za fahari Diani: Je, sifa na bei zinalingana?

Je, msomaji, umewahi kuketi na jamaa zako jioni mkitazama picha za hoteli za kitalii za Pwani, mchanga mweupe kama unga, minazi imeinama na watoto wakicheka ndani ya kidimbwi cha kuogelea? Bila shaka umewahi. Na bila shaka mmoja wa watoto wako alikuuliza, "Baba, sisi tutaenda lini?" Swali hilo ndilo lililonitoa Nairobi, mimi na watu wengine wanne wa nyumba yangu, hadi Diani katika Kaunti ya Kwale, likizo moja ya Agosti.

Makala haya si ya kukuvunja moyo, wala si ya kumpigia debe mwenye hoteli. Nia yangu ni kukusimulia tulichokikuta ili nawe utakapotoa jasho lako ulilolihifadhi shilingi kwa shilingi, ujue unanunua nini. Wahenga walinena kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu.

Sifa za Diani hazikuzuka jana. Ufuo wenyewe una urefu wa zaidi ya kilomita 10, kusini mwa Mombasa, na umewahi kutajwa zaidi ya mara moja katika tuzo za World Travel Awards kuwa ufuo bora barani Afrika. Kwa miaka mingi hoteli zake zilitegemea wageni kutoka Ulaya, na Mkenya aliyeonekana humo alikuwa mhudumu au dereva. Mambo yaligeuka pole pole. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza watalii wa ng'ambo. Zikafuata zile za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kisha ugonjwa wa korona mwaka 2020 ukafunga anga za dunia. Kila mara, aliyerudi kwanza kulala katika vyumba vile na kuwalipa wahudumu mishahara ni mwananchi. Kwa hivyo msomaji, usiingie langoni ukijikunja. Wewe si mgeni wa kuhurumiwa.

Safari na hesabu zake

Tulijiwekea akiba kwa miezi 14 kupitia chama cha mke wangu. Tulikuwa watu wazima watatu, yaani mimi, mke wangu na mama yangu mzazi, mwalimu mstaafu wa umri wa miaka 71 ambaye hakuwa ameiona bahari maishani mwake. Watoto ni wawili, binti wa miaka 12 na mvulana wa miaka saba. Hoteli ilitutoza shilingi 10,000 kwa kila mtu mzima kwa usiku mmoja, na nusu yake kwa kila mtoto. Kwa siku tatu, jumla ikawa shilingi 120,000, pamoja na kiamshakinywa na chakula cha jioni.

Tulisafiri kwa gari moshi la reli ya kisasa, lililoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ilipandishwa hadi shilingi 1,500 mwezi Januari 2024, lakini hata hivyo kwa familia kubwa bado kuna nafuu, nao watoto huwaona ndovu wa Tsavo dirishani bila kulipa zaidi. Kutoka kituo cha Miritini unaweza kuingia mjini na kuvuka Likoni kwa feri, ambapo anayetembea kwa miguu halipi chochote, au ukaizunguka feri kwa barabara ya Dongo Kundu. Sisi tulipita feri kwa sababu Mama alitaka kukanyaga chombo cha majini.

Langoni tulipata onjo la kwanza. Gari la watalii lililokuwa mbele yetu lilifunguliwa mara moja kwa saluti. Sisi tuliulizwa tumeagizwa na nani, tukatakiwa tuonyeshe stakabadhi, kisha tukasubiri dakika kumi juani. Mama alitabasamu tu, akasema, "Mwanangu, hata shuleni mwangu bawabu alikuwa na wageni wake." Sikulicheka neno hilo wakati ule.

Yaliyolingana na sifa

Haki lazima isemwe. Vyumba vilikuwa safi, mashuka yalinukia, na vyandarua havikuwa na tundu hata moja. Chakula cha jioni kilikuwa cha kujipakulia: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mahamri, biriani, na matunda ya kila aina. Mpishi alipogundua kwamba Mama hali vyakula vyenye pilipili, alimpikia chake kando kila jioni bila kuombwa tena. Wahudumu walimwamkia "Shikamoo, Mama" kwa adabu ile ya Pwani ambayo haifundishwi darasani. Kama hoteli ingepimwa kwa wafanyakazi wake wa chini pekee, ningeipa alama zote.

Yaliyopungua

Lakini msomaji, picha katika vijitabu vya hoteli hupigwa wakati wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi hivi, bahari ikiwa imetulia kama maji ya beseni. Sisi tulikwenda wakati wa kusi, upepo unaovuma kati ya Aprili na Septemba. Bahari ilikuwa imechafuka, na ufuoni mwani ulikuwa umerundikana. Mwani si uchafu, ni zao la bahari, na hoteli haina kosa lolote hapo. Kosa ni kwamba nilipopiga simu kuuliza hali ya bahari, niliambiwa, "Hapa ni raha mwaka mzima."

La pili ni maji kujaa na kupwa. Kila siku bahari ya Pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na wakati wa bamvua tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hupita mita 3. Maji yakipwa Diani, utayakuta yamekwenda mbali kuelekea mwambani, na kuogelea kunageuka kutembea. Hakuna aliyetueleza hayo siku ya kwanza, nasi tulipoteza asubuhi nzima tukingoja bahari irudi. Kesho yake mvuvi mmoja alitufundisha: kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Somo hilo lilitufaa kuliko kijitabu chochote chumbani.

La tatu ni mfuko. Maji ya chupa, soda za watoto, chakula cha mchana, taulo iliyopotea: vyote viliandikwa. Siku ya kuondoka nililetewa hati ya shilingi 23,400 juu ya zile 120,000. Hakuna aliyeniibia, kwa maana kila kitu kilikuwa na sahihi yangu au ya mke wangu. Lakini mtu aliyeambiwa kwamba "familia hapa haina wasiwasi" hufikiri hivyo ni pamoja na soda.

La nne lilimhusu Mama. Hoteli ilijitangaza kuwa ya familia nzima. Kumbe kutoka bustanini hadi mchangani kulikuwa na ngazi 30 na zaidi, zenye mwinuko mkali, na upande mmoja haukuwa na pa kushika. Hapakuwa na njia nyingine. Ajuza mwenye magoti mabovu alitoka Murang'a kuja kuiona bahari, akabaki kuitazama kutoka juu kama picha ya ukutani.

Dakika mbili za kidimbwini

Hayo yote ningeyasahau. La tano sitalisahau.

Siku ya pili, yapata saa saba mchana, mvulana wangu alikuwa akicheza katika kidimbwi cha watoto. Mke wangu alikuwa kando yake, nami nilikuwa nimemsindikiza Mama chumbani. Binti yetu alimwita mamake kwa sekunde chache, naye akageuka. Kijana akavuka ukuta mfupi unaotenga kidimbwi cha watoto na kile cha watu wazima, akateleza upande wenye kina. Kiti kirefu cha muokoaji kilikuwa wazi. Baadaye tuliambiwa kwamba muokoaji alikuwa peke yake zamu hiyo na alikuwa amekwenda kula.

Aliyemwona mtoto ni mtunza bustani aliyekuwa akifagia majani. Alitupa fagio, akajitosa na viatu vyake, akamtoa. Mtoto alitapika maji, akalia, na kilio chake kikawa sauti tamu kuliko zote nilizowahi kusikia. Nilipofika mbio nilimkuta mke wangu amekaa chini kwenye saruji, amemkumbatia, hawezi kusema.

Meneja alikuja na pole nyingi na kapu la matunda. Nilimuuliza swali moja tu: je, wakati muokoaji anapokula, nani hukaa kitini? Hakuwa na jibu. Yule mtunza bustani alirejea kufagia, nguo zikimdondoka maji. Nilipomshukuru alisema, "Mtoto ni wa wote, bwana."

Sikuandiki haya ili kumsema meneja. Nayaandika kwa sababu sisi pia tulikuwa na kosa. Tuliamini kwamba bei kubwa humlinda mtoto. Bei hainunui jicho la mzazi. Tangu saa hiyo hadi tulipoondoka, mtoto hakukaribia maji bila mmoja wetu kuwa ndani ya maji hayo pamoja naye.

Uliza kabla hujalipa

Tumia uzoefu wetu, msomaji. Kabla hujatuma pesa, uliza mambo haya na uombe majibu kwa maandishi:

Kwanza, bei ni ya nini hasa? Kuna ya malazi na kiamshakinywa tu, ya milo miwili, ya milo yote, na ile inayojumlisha hata vinywaji. Uliza pia kama kuna bei ya wakazi wa nchi na kama mtoto wako angali katika umri wa kupunguziwa.

Pili, waokoaji ni wangapi, na zamu zao hubadilishana vipi? Je, kidimbwi cha watoto kina uzio?

Tatu, mzee au mlemavu atafikaje ufuoni bila ngazi?

Nne, nyota zake zilitolewa na nani? Nyota rasmi hutolewa kwa kufuata vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hapa Kenya kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Neno "fahari" hoteli yoyote inaweza kujiandikia.

Tano, siku mtakazokuwapo, maji yatajaa saa ngapi?

Wasio na laki

Wanafunzi na wenye mifuko myembamba wasikate tamaa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inasema wazi kwamba ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma. Mchanga unaolowa mbele ya hoteli ya fahari ni wako pia. Panda matatu kutoka Likoni hadi Ukunda, tafuta malazi ya kawaida, kisha ushuke ufuoni kwa njia za umma.

Na vitu bora vya Diani haviko ndani ya hoteli. Kaskazini, Mto Mwachema unapoingia baharini, upo msikiti wa kale wa Kongo, kati ya mibuyu mikubwa, na hadi leo waumini husali humo. Kusini ipo Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni huvishwa kaniki kiunoni na kuongozwa na wenyeji Wadigo. Kando ya barabara utawaona mbega weusi wenye mabega meupe wakivuka juu ya magari kwa madaraja ya kamba waliyotengenezewa na shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997. Usiwape chakula. Na unapokwenda ufuoni uache nyumbani chupa za plastiki za kutupwa, maana zimepigwa marufuku ufuoni na katika mbuga tangu Juni 2020.

Je, sifa zinalingana na bei? Jibu langu ni kwamba kitanda, chungu na watu vililingana. Ulinzi wa mtoto na heshima kwa mzee havikulingana, na kwa familia hayo mawili ndiyo ya kwanza.

Siku ya mwisho, alfajiri, mtunza bustani yuleyule na mwenzake walikuja mlangoni na kiti cha plastiki. Walimkalisha Mama, wakamshusha ngazi zile zote polepole, wakamweka pale mawimbi yanapoishia. Hawakutaka malipo. Maji yalikuwa yanajaa na ngalawa zilikuwa zinarudi. Mama alivua viatu, akatumbukiza miguu, akakaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akachota maji kwa kiganja, akayaonja, akacheka kama msichana.

"Kweli ni ya chumvi," akasema. "Miaka 34 nimewafundisha watoto wa watu jambo hilo bila ya kuwa na hakika."

Nenda Diani, msomaji. Lakini uliza kwanza, na ukifika, usimwondolee mwanao macho.