Moto wa Oktoba na Bomba la Kwa Mrombo

Hadithi, hadithi! Mkijibu "hadithi njoo" inatosha. Ule uongo wa kuikoleza tuuache nje ya geti leo, kwa sababu ninayowasimulia yalitokea kweli na walioyaona wapo. Huenda baba yako mdogo ni mmoja wao, kama anabeba mizigo ya watalii mlimani.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 11 Oktoba 2020. Kwenye Mlima Kilimanjaro, katika njia ya Marangu, kati ya Mandara na Horombo, kuna mahali panaitwa Whona ambapo wapanda mlima hukaa kidogo wakapumzika. Taarifa za kwanza za TANAPA, shirika linalotunza hifadhi zetu za taifa, zilisema moto ulianzia hapo, wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni.

Kupasha chakula tu, wanangu. Katika hadithi hii hamna fisi wala jambazi. Palikuwa na watu wenye njaa, jiko, na upepo.

Sasa ulizeni: kwa nini moto wa kupashia chakula ukamshinda mwenye nao? Jibu la kwanza ni mwezi wenyewe. Masika huisha Mei. Juni na Julai tunatetemeka kwa baridi, lakini mvua hakuna. Agosti na Septemba upepo unakausha kila kitu, na ikifika Oktoba majani yamekaa miezi mingi bila kunywa, huku vuli haijaja. Ndiyo maana mlima huohuo ulishika moto tena Oktoba 2022, safari hiyo karibu na kambi ya Karanga, kama mita 4,000 juu. Oktoba na Oktoba. Mtu akiniuliza ni mwezi gani wa kumnyang'anya mtoto kiberiti, namjibu bila kufikiri.

Jibu la pili ni mimea ya kule juu. Ukishamaliza msitu mnene wenye miti mirefu, unaingia kwenye vichaka vya erika, miti yenye vijani vidogo vyembamba sana na mafuta ndani yake. Kijani chembamba hukauka haraka na kuwaka haraka. Halafu moto hupenda kupanda. Ukiwashwa chini ya mteremko, mwali wake unainama kuelekea majani yaliyo juu yake na kuyakausha kabla haujayafikia, kwa hiyo ukifika unakuta kila kitu kiko tayari. Usidanganyike kwamba utaushinda moto mbio kwa kukimbilia juu. Kimbia pembeni, au shuka kule ambako moto umeshapita na kuacha majivu yaliyopoa.

La tatu ndilo linalowachosha wazima moto kuliko yote. Chini ya erika, ardhi ina tabaka nene la majani na mizizi ambayo haijaoza vizuri kwa sababu ya baridi. Moto huzama humo. Juu unaona moshi mdogo tu, unapumua, unasema tumeshinda, kumbe moto unatambaa chini taratibu na kesho kutwa unatokea mahali pengine. Ndiyo maana kule mlimani haitoshi kupigapiga kwa matawi mabichi. Inabidi watu wachimbe.

Mamia ya watu walijitolea kwenda kuusaidia mlima mwaka ule wa 2020, pamoja na askari wa hifadhi. Usiku watu wa Moshi walikuwa wakitoka nje kuangalia mstari mwekundu ukitembea juu angani. Ulipokwisha, takribani kilomita za mraba 95 zilikuwa zimeungua.

"Lakini babu, hapa ni Kwa Mrombo. Hatuna msitu. Kilimanjaro ni mbali."

Nilijua mmoja wenu atasema. Ni kweli, hapa kusini mwa jiji la Arusha tuna bati, vumbi na moshi wa mbuzi choma, na mtu akitaka kuona msitu lazima ageuke aangalie Mlima Meru. Lakini nifuateni mpaka kwenye bomba.

Mkumbuke ule mradi mkubwa wa maji wa jiji letu, ule wa shilingi bilioni 520 uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Sehemu ya maji yake inatoka kwenye visima virefu wilayani Hai. Na Hai iko wapi? Mkoa wa Kilimanjaro, kwenye miteremko ya mlima ule ule. Mengine ni ya chemchemi na visima vilivyo chini ya Meru. Kwa hiyo ukijaza ndoo hapa Kwa Mrombo, umeteka maji yaliyoanzia safari yao mlimani.

Na mlimani maji hayaji kwa mvua peke yake. Asubuhi mnaona wingu limekaa kiunoni mwa Meru, halinyeshi wala haliondoki. Ndani ya lile wingu miti inafanya kazi. Ukungu unagusa majani na ukoga unaoning'inia matawini, unageuka matone jinsi mvuke unavyofanya chini ya mfuniko wa sufuria ya wali, na matone yanadondoka yakizama ardhini pole pole. Ukiondoa miti, ukungu unapita tu. Mvua nayo ikinyesha juu ya ardhi iliyoungua haizami. Inateremka mbio na udongo wake, inakuwa mafuriko ya siku moja, halafu mto unakauka.

Mtaalamu mmoja wa mimea kutoka Ujerumani, Andreas Hemp, ameuchunguza Mlima Kilimanjaro kwa miaka mingi. Mwaka 2005 alieleza jambo ambalo watu wengi hawakulitarajia. Dunia nzima ilikuwa ikililia theluji ya kileleni. Yeye akaonyesha kwamba moto umeushusha ukingo wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na kwamba kwa upande wa maji, kupotea kwa msitu huo kunaumiza kuliko kuyeyuka kwa barafu. Mimi naona hili lingefaa kuandikwa kwenye kuta za shule zetu. Meru yetu, pamoja na urefu wake wa mita 4,566, haina barafu ya kudumu hata kidogo. Ina mvua, ina ukungu na ina msitu wa kuvishika, basi. Upande unaotutazama ndio mbichi. Ukizunguka mpaka Oldonyo Sambu au Ngarenanyuki unakuta mlima umekauka, na huko cheche moja ya mrina asali au ya mchoma mkaa haina mzaha.

Wafugaji tusiwaonee, lakini. Kuchoma nyasi kuukuu ili zichipue mpya na kupe wafe ni maarifa ya zamani, na mzee aliyefundishwa vizuri anachoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, siku isiyo na upepo, akiwa na watu wa kulinda. Ubaya unaanza pale mtu anapochoma Oktoba peke yake, kisha anaenda zake kunywa chai.

Haya, turudi uwanjani kwenu. Kwa Mrombo moto hautakuja ukiteremka kutoka msituni. Utaanza kwenye rundo la takataka lililowashwa jioni, kwenye kiwanja cha jirani ambaye hajajenga na nyasi zimefika kiunoni, au kwenye makaa yaliyomwagwa nyuma ya banda. Upepo utafanya yaliyobaki.

Bibi zenu walikuwa wakifagia uwanja kila asubuhi mpaka ardhi inabaki tupu. Walisema ni kwa ajili ya nyoka. Leo huko California, Marekani, ambako moto wa nyikani umeteketeza miji mizima, wataalamu wanawashauri watu waache kama mita moja na nusu kuzunguka nyumba bila kitu chochote kinachoungua: si majani makavu, si kuni, si ua la miti lililogusa ukuta. Bibi alikuwa mbele ya wakati. Ila msifagie kiwanja chote mpaka mwisho wa ukuta. Ardhi tupu ndiyo inayotupa hili vumbi linaloingia kwenye maharage. Na wale wanaofunika kiwanja kizima kwa pevingi, mimi siwaelewi: mvua ikinyesha maji yote yanakimbilia barabarani, na mwezi mmoja baadaye mwenye nyumba ananunua maji ya boza.

Fagia karibu na ukuta, halafu mbele yake weka kijani. Kijani gani? Panda mlimani ukaangalie. Wachaga, Wameru na Waarusha wamelima migomba chini ya miti mikubwa kwa vizazi vingi, kahawa katikati, mfereji unapita, masale yanaonyesha mpaka. Humo ndani kuna kivuli na ardhi ina unyevu hata kiangazi, na moto hauna pa kukimbilia. Kwa Mrombo hatupati mfereji wala ekari, lakini migomba mitatu inatosha kwenye kiwanja kidogo. Shina la mgomba karibu lote ni maji. Kazi moja tu: yale majani makavu yanayoning'inia yakate, uyalaze kwenye shina kutunza unyevu, mbali na ukuta wa nyumba. Ukiyaacha yaning'inie, umemwandalia moto ngazi. Shubiri nazo zinafaa, zimeshiba maji na hazidai chochote.

"Maji ya kumwagilia yatoke wapi, babu, na ya kunywa tunayapigania?"

Swali zuri. Migomba haidai maji ya kunywa. Maji uliyoogea, uliyooshea vyombo, uliyosuuzia nguo, hayo ndiyo ya mgomba. Chimba shimo pana lisilo refu, panda migomba pembeni yake, jaza majani katikati, umwage humo. Mchicha usiumwagilie maji ya sabuni, na maji yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe usimpe mmea wowote. Kuhusu bomba linalovuja sitahubiri. Weka kopo chini yake usiku, asubuhi umpelekee baba alione mwenyewe.

Halafu kuna maji tunayoyaacha yatupite kila mwaka. Chukueni daftari. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ya bati inaleta lita moja. Nyumba ya mita 8 kwa 10 ina paa la mita za mraba 80. Ikinyesha mvua ya milimita 10, ambayo wakati wa masika si habari, paa limepokea lita 800. Ni madumu 40 ya lita 20. Yote hayapatikani, mengine yanaruka nje ya gata, lakini hata nusu yake ni safari ngapi za bombani ambazo dada yako hatazifanya? Maji ya kwanza yaache yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege, yanayofuata yaingie kwenye simtanki yenye mfuniko.

Kwa watoto wa Arusha maji ya mvua yana faida nyingine. Meru ni mlima wa volkano, na mawe yake yanaachia floridi kwenye maji yanayopita ndani yake. Floridi kidogo inasaidia meno. Ikizidi kipimo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, meno ya mtoto yanaota yakiwa na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi, na ikizidi mno inafika kwenye mifupa. Mmeona wakubwa wangapi hapa wanacheka wakiziba mdomo? Mvua haijapita kwenye mawe hayo. Maji yake yachemsheni, mnywe.

Mkiona moshi mahali ambapo hamkutegemea, mwambieni mtu mzima, naye apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Asiseme "njooni Kwa Mrombo" akakata simu. Aseme karibu na kanisa gani, msikiti gani au duka gani, kitu gani kinaungua, na kama kuna watu ndani. Ninyi msiende kuuangalia.

"Na majivu ya jikoni, babu?"

Majivu! Nilikuwa nayasahau, na kwetu hapa penye majiko mengi hivi ndiyo ya kwanza kuogopa. Makaa yaliyofunikwa na majivu yanaweza kukaa na moto mpaka asubuhi, na ukiyatazama juu yote ni kijivu. Usiyamwage kwenye nyasi wala kwenye pipa la takataka. Yaache kwenye karai la chuma, chukua maji uliyosuuzia vyombo, mwagia, koroga kwa kijiti, mwagia tena mpaka yaache kutoa mvuke. Kesho yake yagawe machache machache kwenye migomba, inayapenda. Sasa nani ameosha vyombo leo, na yale maji ameyapeleka wapi?