Kidole kikubwa cha mguu kinapowaka usiku: tufanye nini na jongo?



Kazi yetu katika kijarida hiki ni mbegu, udongo na mifugo. Lakini mulimaji asiyeweza kukanyaga chini hawezi kulima, njo maana leo tunazungumza juu ya mguu. Huku Lushebere, kama vile katika vijiji vingine vya Masisi, mtu analala muzima, na saa nane ya usiku anaamshwa na kidole kikubwa cha mguu: kimevimba, chekundu, cha moto, hata blanketi ikikigusa analia. Jirani wa kwanza anasema amekanyaga dawa. Wa pili anasema ni rematizimu. Wa tatu analeta wembe ili wamchanje. Mara nyingi ni ugonjwa wenye jina lake: jongo, ule waganga wa hospitali wanaandika «goutte» kwa karatasi.

Kwa kuelewa jongo, angalia mavi ya kuku. Ile sehemu nyeupe ni asidi ya uriki. Kuku hakojoi kama sisi, anatosha takataka ya mwili kwa njia hiyo. Sisi watu pia tunatengeneza asidi hiyo, zaidi kutokana na chembe za mwili zinazokufa na kujengwa upya kila siku, na kwa sehemu ndogo kutokana na chakula. Ng'ombe ana kitu ndani ya ini lake kinachoivunja, mtu na kuku hawana. (Wenye kufuga kuku wasikie: kuku wakikosa maji, ao vifaranga wakipewa chakula cha kuku wa mayai chenye chokaa nyingi, figo zinaharibika, na mkiwapasua mtaona unga mweupe juu ya moyo na ini. Ni jongo ileile.)

Kwa mtu, figo njo zinatosha sehemu kubwa ya asidi hiyo kwa mkojo. Zikishindwa, inajaa kwa damu. Ikipita karibu miligramu 68 kwa litre moja, inaanza kuganda kama chumvi, inafanya vipande vidogo vyenye ncha kama sindano. Vinapenda kuganda pahali pa baridi, na mguu ni baridi kuliko tumbo, zaidi sana usiku wa milima yetu. Mwili ukiviona unavipiga kama adui, na vita hiyo njo ile moto na uvimbe. Kwa hiyo si sumu, wala hakuna mtu aliyekutegea kitu njiani.

Inashika zaidi wanaume waliopita miaka 40, na wamama kisha hedhi kukoma. Mwenye presha, sukari, uzito mwingi ao figo mbovu yuko karibu nayo. Kuna dawa pia zinazoipandisha: dawa za presha zinazokojosha, aspirini kidogo kidogo ya kila siku, na pirazinamide ya kifua kikuu. Usiache dawa hizo kwa akili yako mwenyewe! Mwambie muganga aliyekuandikia, yeye ataona kama kuko ingine ya kubadilisha.

Sasa, siku maumivu yanapoanza. Saa 24 za kwanza ni za maana sana, kwani dawa ikinywewa mapema inasaidia kuliko ikingojea siku ya tatu. Pumzisha mguu, uuweke juu ya kiti ao gunia, juu kuliko kiuno. Kitambaa kilichochovywa ndani ya maji baridi, dakika 20, kisha pumzika, kisha tena. Kunywa maji safi mengi, isipokuwa muganga alikukataza juu ya moyo ao figo. Usikande, usifunge majani ya moto, na usichanje: wembe unaingiza mikrobe ndani ya kiungo kilichokwisha kuumia.

Dawa ziko za aina tatu. Ya kwanza ni ibuprofene na ndugu zake kama diklofenake. Zinanywewa na chakula, na hazifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, moyo uliochoka, ao mama mwenye mimba. Ya pili ni kolshisine. Zamani walikuwa wanaitoa kila saa mpaka mgonjwa aharishe. Njia hiyo iliachwa. Sasa ni miligramu 1 mwanzoni na nusu miligramu kisha saa moja, basi, na siku zinazofuata muganga njo anapima. Ikizidi ni sumu ya kweli na inaua, kwa hiyo usimpe jirani vidonge vyako na usiviache karibu na watoto. Ya tatu ni prednisolone kwa siku chache, ikiandikwa na muganga. Juu ya sindano ya deksametazone ambayo watu wananunua bila karatasi: ndiyo, maumivu yanatulia upesi. Lakini inapandisha sukari na presha, na inaficha mikrobe. Mtu anayeizoea kila mwezi anajenga ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza.

Homa kali, kutetemeka, ao kiungo kinachowaka kwa mtu mwenye kidonda karibu: hapo usijaribu kitu nyumbani. Inaweza kuwa mikrobe ndani ya kiungo, na kiungo kinaweza kuoza kwa siku chache. Nenda kwa kituo cha afya, ao kwa hospitali kubwa ya Masisi, siku ileile. Na sisi tunaoishi na ng'ombe tujue pia bruseloze. Nayo inaleta maumivu ya viungo, homa inayokwenda na kurudi, na jasho la usiku. Inatoka kwa maziwa mabichi na kwa kushika mimba iliyoanguka ya ng'ombe bila kujikinga mikono. Dawa yake si ile ya jongo, kwa hiyo usiende kununua kolshisine kabla ya kupimwa.

Tufike kwa chakula, maana hapa kuna maneno mengi ya bure. Kuna memba walioambiwa waache maharagi, na wanauza yote, watoto wanabaki na bugali na sombe tu. Hapana. Uchunguzi uliotoka Marekani mwaka 2004, uliofuata wanaume zaidi ya 47 000 kwa miaka 12, ulionyesha kwamba nyama na samaki vinaongeza jongo, lakini mboga na nafaka za jamii ya maharagi haziongezi. Maziwa yalipunguza, zaidi yale yasiyo na mafuta. Kwa hiyo maziwa yanayobaki kisha kutosha siagi, ambayo wengine wanawapa mbwa, ni chakula kizuri kwa mwenye jongo. Yachemshe kwanza.

Cha kupunguza ni ini, figo na matumbo, sambaza na ndakala tunazokula nzima nzima, na brosheti ya kila siku ya soko. Zaidi ya vyote, pombe. Bia ina mabaya mawili: inaleta asidi yake, na pombe inazuia figo kuitosha. Kasiksi na lutuku nazo zinazuia figo, hata kama ni za nyumbani. Soda zenye sukari nyingi pia si rafiki. Lakini tusidanganyane: chakula peke yake kinashusha asidi kidogo tu. Mwenye kushikwa mara mbili ao zaidi kwa mwaka, ao aliye na mawe ya figo, ao uvimbe mgumu kwa vidole na masikio, anahitaji dawa ya kila siku.

Dawa hiyo inaitwa alopurinole. Inaanzwa na miligramu 100, inapandishwa polepole mpaka damu ishuke chini ya miligramu 60 kwa litre. Miezi ya kwanza inaweza kuamsha maumivu, kwa sababu chumvi ya zamani inayeyuka. Watu wengi wanaiacha hapo wakisema imewadhuru. Aliyekwisha kuianza anaendelea hata wakati wa maumivu, na muganga anaweza kuongeza kolshisine kidogo kwa miezi hiyo. Jambo moja tu la kusimamisha mara moja: vipele mwilini ao vidonda mdomoni. Hapo acha na ukimbie hospitali.

Ni kidonge cha miaka, kwa hiyo makuta yake yahesabiwe mapema, wakati wa kuuza mavuno, si wakati wa kulia usiku. Wenye kuwa ndani ya AVEC wanaweza kuzungumza juu ya hilo katika kasha la musaada. Na mwezi wa 9, wakati wa kupanda msimu A, mwenye mguu uliovimba asipewe jembe. Apewe kiti na kitunga cha maharagi, achambue mbegu: zilizotobolewa na zile zenye madoa zitoke pembeni.