Kupunguza uzito bila kujitenga na watu: namna ya kula mgahawani na kwenye shughuli

Mama mmoja wa miaka 42, anayehudhuria kliniki ya kisukari na shinikizo la damu ninakofanya kazi, alikuwa amepunguza kilo 4 kwa miezi mitatu. Presha ilikuwa imeanza kushuka, na magoti hayakumuuma tena akipanda ngazi. Kisha ukaja msimu wa harusi. Kwa kuogopa kurudisha uzito, aliacha kwenda kwenye kikoba, akatoa udhuru kwenye kichen pati ya binti wa jirani, na Jumapili alibaki nyumbani wenzake wakienda kula nyama choma. Mawifi wakaanza kusema anaringa.

Sendofu ya mdogo wake hakuweza kuikwepa. Siku hiyo aliamua kushinda na njaa tangu asubuhi ili jioni ale bila wasiwasi. Dawa yake ya kisukari alikuwa ameimeza kama kawaida. Saa mbili usiku, kabla chakula hakijapakuliwa, alianza kutetemeka, akatokwa na jasho jingi, akaanguka ukumbini. Sukari yake ilikuwa imeshuka mno. Aliwahiwa, akapata nafuu.

Ninakueleza haya kwa sababu mambo mawili aliyoyafanya, kujitenga na kujishindisha njaa, nayasikia kwa akina mama wengi. Yote mawili hayahitajiki. Unaweza kupunguza uzito huku ukiendelea kwenda harusini, mgahawani na kwa ndugu zako.

Je, mlo mmoja wa nje unaharibu kila kitu?

Hapana. Tufanye hesabu ndogo. Ukila mara tatu kwa siku, kwa wiki unakula milo 21. Tuseme Jumamosi ulikuwa harusini na Jumapili ukaenda kula nyama choma. Hiyo ni milo miwili. Inabaki 19, na hiyo ndiyo inayoamua uzito wako.

Ili mwili utengeneze kilo moja ya mafuta, unahitaji kula zaidi ya kalori 7,000 juu ya zile unazotumia. Sahani moja ya pilau haiwezi kufanya hivyo. Ukipanda kwenye mzani asubuhi baada ya harusi ukakuta umeongezeka kilo nzima, sehemu kubwa ni chakula ambacho bado kiko tumboni na maji yaliyozuiwa na chumvi. Hupungua baada ya siku chache.

Kinachonenepesha ni pale milo ile miwili inapogeuka kuwa mitano au sita: soda ya kila mchana kazini, chipsi za Ijumaa kwa sababu umechoka kupika, maandazi mawili kila asubuhi, na kumalizia sahani za watoto jikoni. Hayo hatuyahesabu, kwa kuwa hakuna aliyetualika.

Kwa nini chakula cha nje kina nguvu nyingi?

Sababu ni tatu.

*Mafuta.* Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4. Kijiko kimoja cha kulia cha mafuta ya kupikia kina kalori karibu 120. Angalia chipsi mayai zinavyotengenezwa: viazi vinazamishwa kwenye mafuta, kisha vinawekwa kwenye kikaango chenye mafuta mengine pamoja na mayai. Mafuta yameingia mara mbili, na huyaoni.

*Vinywaji.* Soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai 9 hivi, na nyingine zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula kwa siku, na ikiwezekana ishuke hadi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni vijiko vya chai 6 hivi. Soda moja tayari imepita hapo, na haijakushibisha. Juisi ya ukwaju au ya embe iliyotiwa sukari haina tofauti kubwa. Kama unakunywa pombe, jua kuwa bia ya mililita 500 ina kalori karibu 200.

*Wingi.* Nyumbani unajipakulia mwenyewe. Mgahawani unapakuliwa, na ukumbini unapakua ukiwa na njaa huku foleni ikikusukuma.

Kwa hiyo, kama utabadilisha jambo moja tu baada ya kusoma hapa, badilisha kinywaji. Kunywa maji. Ukitaka soda siku ya sherehe, kunywa moja, polepole, na isiwe na ya pili.

Kabla ya kutoka nyumbani

Usishinde na njaa. Mtu mwenye njaa kali hachagui, anafakamia. Kunywa chai kwa kawaida asubuhi, kula mchana mlo mdogo wenye mboga na maharage, samaki au mayai. Ukumbi ukichelewa, na kumbi zetu huchelewa, kula tunda, kwa mfano ndizi moja au chungwa, kabla ya kutoka.

Amua mapema jambo moja utakalolifurahia. Kama unapenda pilau ya harusi, basi kula pilau na uache keki na soda. Kama keki ndiyo raha yako, punguza wali. Huna haja ya kuacha vyote, ila usichukue vyote.

Ukiwa mgahawani

Kwa mama lishe, kazi ni rahisi kuliko unavyodhani. Mwambie: "Dada, wali nusu, maharage na mboga uongeze." Atakupa. Sahani nzuri ina mboga nusu, wali au ugali robo, na robo nyingine ni maharage, samaki, dagaa au nyama. Mboga si kijiko kimoja cha mchicha kilichowekwa pembeni kama pambo.

Kwenye nyama choma, chagua kuku au nyama isiyo na mafuta, ondoa ngozi ya kuku, na uombe kachumbari nyingi. Badala ya chipsi, chukua ndizi ya kuchoma moja. Kilo moja ya nyama agizeni watu wanne, si wawili. Chumvi ile inayowekwa pembeni iache hapo, hasa kama una presha. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, na nyama yenyewe imeshatiwa chumvi.

Ukitamani chipsi mayai, gawana sahani na mwenzako na muongeze kachumbari. Mimi nikiwa zamu ya usiku nilikuwa nakula sahani nzima peke yangu saa nne, karibu kila zamu, na baada ya mtoto wa pili nguo zangu za kazi zilinibana. Sikuziacha chipsi. Sasa nazila mara moja kwa wiki, na zamu nyingine nabeba chakula kutoka nyumbani.

Kwa supu ya asubuhi, kuku au samaki ni bora kuliko supu yenye mafuta yanayoelea juu. Chapati iwe moja, au badala yake kula ndizi za kuchemsha.

Ukiwa kwenye shughuli

Ukifika kwenye chakula, usianze kupakua papo hapo. Tazama kwanza vilivyopo hadi mwisho. Anza na kachumbari na mboga, kisha nyama au samaki vipande viwili, mwisho wali au pilau. Ukianza na pilau, sahani itajaa kabla hujafika kwenye mboga.

Chagua wanga wa aina moja. Pilau, wali mweupe, ndizi, chipsi na viazi vyote ni wanga. Kijiko kimoja kimoja cha kila aina hufanya sahani mbili.

Kula polepole, ukiongea na watu. Tumbo huchukua dakika kama 20 kuujulisha ubongo kuwa limeshiba. Ukimaliza, sogea mbali na meza ya chakula, ucheze muziki. Dakika unazocheza nazo ni mazoezi. Mtu mzima anashauriwa apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na hakuna aliyesema lazima yawe ya kukimbia barabarani.

Maneno ya watu

Hili ndilo gumu kuliko chakula chenyewe. Ukipakua kidogo, mtu atakwambia mwili haujengwi kwa matofali. Ukipungua, watauliza kama unaumwa, au kama mumeo anakusumbua. Wapo akina mama wameacha kupunguza uzito kwa sababu ya maneno haya tu, wakati presha yao inapanda.

Huna deni la kumweleza kila mtu. Kwa anayekupakulia nyumbani kwake, hasa mama mkwe au shangazi, usikatae chakula chake. Sema: "Mama, nipakulie kidogo, nikimaliza nitaomba tena." Kula kwa furaha, sifia mapishi. Akiongeza, mwambie: "Ahsante mama, nimeshiba kweli. Nifungie nikale kesho." Umepokea mkono wake, na kesho utakila kama mlo, si juu ya mlo.

Kwa rafiki anayekutania, jibu fupi linatosha: "Nesi kaniambia presha yangu imepanda." Watu wengi wana mzazi au ndugu aliyepata kiharusi, wataelewa. Na chagua mtu mmoja wa karibu umweleze ukweli wote, ili kwenye shughuli muwe wawili mnaopakua mboga kwanza.

Usiache kikoba, usiache harusi, usiache msiba. Shughuli ni watu. Mama aliyejifungia ndani hupata huzuni, na mwenye huzuni mara nyingi hula zaidi, usiku, peke yake.

Ukizidisha, ufanye nini?

Hakuna adhabu. Usiruke chai ya asubuhi, usinywe dawa za kuharisha, usinunue majani ya kupunguza tumbo yanayouzwa mitandaoni. Mlo unaofuata uwe wa kawaida: mboga, maharage, ugali wa kiasi, maji. Tembea nusu saa.

Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya chai, na siku hiyo isiwe kesho yake ya harusi. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha. Huna mzani? Tumia futi ya fundi cherehani, pima kiuno. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimita 80 ni dalili ya hatari kuongezeka, na kikizidi 88 hatari ni kubwa.

Wala usisubiri hadi uwe mwembamba ndipo upate faida. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 5 hadi 9 tu, presha na sukari yake huanza kuwa nafuu.

Nani asianze bila kuzungumza na mhudumu wa afya?

- *Mjamzito.* Ujauzito si wakati wa kupunguza uzito. Kula mlo kamili na uhudhurie kliniki.
- *Anayenyonyesha.* Usijinyime chakula. Unaweza kuacha soda na vya kukaanga, ila mwili wako unahitaji chakula cha kutosha na maji.
- *Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi.* Usiruke mlo baada ya kutumia dawa hizi. Ukianza kula kidogo, dozi huenda ikahitaji kubadilishwa, na kazi hiyo ni ya daktari wako, usijipunguzie mwenyewe.
- *Mtoto.* Usimweke mtoto kwenye mlo wa kujinyima wala kumcheka unene wake mbele ya watu. Mpunguzie soda na pipi, na familia nzima ile chakula kilekile.

Ukiwa na kisukari ukaanza kutetemeka, kutokwa na jasho, kuona giza au kuchanganyikiwa, kunywa mara moja maji yenye vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Hapo soda ni dawa. Rudia baada ya dakika 15 kama hujapata nafuu, kisha kula chakula. Mtu akipoteza fahamu, usimpe kitu mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

Na kama unapungua bila kukusudia, ukiwa na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, au kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa na jasho la usiku, nenda kituo cha afya upimwe.

Yule mama wa sendofu alirudi kliniki wiki iliyofuata. Daktari alibadilisha dawa yake, tukakaa naye tukapanga wiki yake mlo kwa mlo. Kikoba amerudi, na wenzake wamekubali maji yawepo mezani pamoja na soda. Unaweza kuanza na hilo kwenye mkutano wenu ujao.