Mcheza kwao hutunzwa, je, mwalimu wake?

MKULIMA wa kahawa wa Karagwe au Kyerwa hahitaji kuelezwa maana ya butura. Ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa maua, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto anadaiwa ada au mgonjwa yuko kitandani. Msimu ukifika, jasho ni la mkulima na faida ni ya mwingine.

Ipo butura nyingine ambayo haizungumzwi sana. Hii ni butura ya ujuzi, na inampata mzee anayefundisha ngoma. Kikundi cha vijana kinamwita, kinakaa naye wiki mbili, kinampa fedha kidogo ya sabuni na kuondoka. Baada ya hapo kinacheza kwenye harusi msimu hadi msimu, na mzee haoni tena hata senti. Akifariki, mitindo ambayo hakuwahi kuifundisha inazikwa naye, na kikundi kinabaki na nyimbo mbili tatu ambazo wateja wamekwisha kuzichoka.

Kwa hiyo, kwa yeyote anayetaka kuifanya ngoma kuwa biashara, swali la kwanza si mavazi wala spika. Ni mwalimu: ametoka wapi, anajua nini, na atalipwaje?

Chuo kilichoanzia kijijini

Mfano mzuri uko Bagamoyo, mji mdogo wa pwani ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kayanga. Huko ndiko iliko shule ya ngoma inayojulikana kuliko zote nchini. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na mwaka 2007 kikageuzwa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), wakala wa Serikali unaotoa mafunzo ya ngoma, muziki, maigizo na sanaa nyingine.

Chanzo chake ni cha zamani zaidi. Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipohutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba wasomi walifundishwa kucheza dansi za Kizungu huku wengi wao wakiwa hawazijui ngoma za kwao. Ndipo katika miaka hiyo ya 1960 kilipoundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma, kwa kukusanya wachezaji na wapigaji kutoka mikoa mbalimbali.

Kikundi hicho kilipovunjwa kuelekea miaka ya 1980, baadhi ya wasanii wake ndio waliokuwa walimu wa chuo kipya. Sifa yao kubwa haikuwa cheti. Walikuwa wamekulia katika ngoma za kwao na baadaye wakazizoea jukwaani.

Anayejulikana zaidi kati yao ni marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki Desemba 2003. Zeze na ilimba hakujifunzia darasani. Alijifunzia nyumbani, katika jamii ya wakulima na wafugaji. Nyerere ndiye aliyemwita Dar es Salaam. Baadaye alifundisha Bagamoyo, akapiga muziki katika nchi nyingi na kurekodi na kampuni ya Real World ya Uingereza. Mtu aliyeanza kwa kuchunga ng'ombe akawa mwalimu wa wenye vyeti.

Kutoka maganda hadi kahawa safi

Hata hivyo, ujuzi wa kijijini peke yake hautoshi sokoni. Kijijini ngoma inaweza kuchezwa usiku kucha, watu wamezunguka duara, na anayetaka kuingia anaingia. Jukwaani mteja anataka dakika chache, wachezaji wamwelekee, waanze pamoja na wamalize pamoja. Kikundi cha Taifa kililazimika kuzifupisha ngoma na kuzipanga upya ili zifae hadhira ya mjini.

Mkulima wa robusta analijua jambo hili. Kahawa ya maganda ni mali, lakini bei nzuri iko kwenye kahawa iliyokobolewa na kupangwa madaraja. Mzee wa kijijini ndiye mwenye shamba la ujuzi. Aliyepitia Bagamoyo, au aliyezoea jukwaa, anajua kukoboa. Kikundi kinachomchukua wa pili na kumwacha wa kwanza kinanunua mashine bila kuwa na kahawa.

Karagwe haina upungufu wa shamba hilo. Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, Speke aliandika habari za ngoma nyingi zilizopigwa ikulu wakati wa mwezi mwandamo. Mapigo yalikuwa na wapigaji wake, na ikulu ndiyo iliyowapa kazi na heshima. Utawala wa machifu ulipofutwa kisheria mwaka 1963, soko hilo la uhakika nalo likaondoka. Ujuzi ukabaki kwa wazee, kwenye harusi na sherehe za ukoo, bila mnunuzi wa kudumu.

Kwamba soko lipo, mfano ni Saida Karoli wa Kagera, aliyevuma nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa nyimbo za Kihaya na midundo ya asili. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa wimbo wa "Salome" uliotokana na "Maria Salome" wa Saida. Ujuzi wa asili ukitunzwa unauzika mara ya pili.

Wapi pa kumpata mwalimu

Kikundi cha Kayanga, Omurushaka au Nkwenda kina milango minne ya kubisha. Wa kwanza ni wazee wenyewe, wake kwa waume. Hawa ndio wanaojua maana ya kila wimbo, na wimbo upi hauimbwi mbele ya wakwe.

Mlango wa pili ni mwalimu wa shule anayeandaa watoto kwa mashindano ya UMITASHUMTA au UMISSETA. Huyu amezoea kufundisha wengi kwa wakati mmoja na kufuata muda. Wa tatu ni mwalimu wa kwaya, mwenye sikio la sauti na nidhamu ya mazoezi. Wa nne ni kijana aliyesomea sanaa, anayejua jukwaa, mavazi na jinsi ya kuandikiana na mteja.

Ni nadra mtu mmoja kuwa na yote manne. Kikundi makini huanza na mzee, kisha kinamwongezea mmoja wa hao wengine. Kabla ya kukubaliana, waulizeni wote swali moja: nani alikufundisha? Anayeweza kumtaja mwalimu wake na mahali alipojifunzia ana mzizi. Anayejibu kwamba ameona kwenye simu naye anaweza kufaa, lakini si kwa kuufundisha msingi.

Hesabu ya malipo

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kikundi cha watu tisa kinalipwa sh 300,000 kwa harusi moja. Nauli na chakula ni sh 60,000, na sh 40,000 zinawekwa kwa ajili ya mavazi na ngozi za ngoma. Zinabaki sh 200,000. Mwalimu akihesabiwa kuwa mtu wa kumi, kila mmoja anapata sh 20,000, badala ya sh 22,222 kama angeachwa. Wachezaji wanapungukiwa sh 2,222 kila mmoja.

Kwa harusi nane za kiangazi, wakati fedha ya kahawa iko mkononi, mwalimu anapata sh 160,000. Akilipwa kwa butura, angeondoka na labda sh 30,000 za mara moja. Mwenye fungu ana sababu ya kuja mazoezini, kusahihisha makosa na kutoa wimbo mpya mwaka ujao. Mwenye sh 30,000 hana sababu hiyo.

Makubaliano hayo yaandikwe, hata kwenye daftari la shule, yakiwa na sahihi za pande zote na shahidi. Mzee asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtoto wake, kisha aweke dole gumba.

Kikundi kisajiliwe pia. Ofisa utamaduni wa halmashauri ndiye wa kuanza naye kwa habari za Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Ofisa maendeleo ya jamii ataeleza masharti ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Karagwe na Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kila moja ina halmashauri yake, hivyo wanakikundi waulize kwao.

Jambo la mwisho ni kalenda. Mazoezi yafanywe baada ya maharage kupandwa na kupaliliwa, si wakati wa kuchuma kahawa. Ngoma ni zao la ziada, na shamba ndilo linalolisha wachezaji.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Harusini kila mtu huona noti zikibandikwa kwenye paji la uso la mchezaji. Aliyemfundisha mara nyingi yuko nyumbani kwake kijijini, na fungu lake lisipotengwa kabla ya kikundi kutawanyika, halitamfikia.